Muundi wa June Mar

Jumamosi, saa tano usiku.

Mguu umelala juu ya mito miwili, kama nilivyoagizwa. Hogo limeanza kupwaya karibu na goti, maana nyama za mguu zimepungua, na ndani kunawasha mahali ambapo kidole hakifiki. Leo wiki ya saba. Usingizi umegoma, basi nimerudia tena video anazonitumia Kuya kutoka Cebu, Ufilipino. Nimemtazama June Mar Fajardo, mchezaji wa kikapu wa huko kwao, akipokea mpira chini ya goli, mgongo kwa mlinzi wake. Anasukumwa, hasogei. Anapiga hatua moja, anageuka, anaweka. Hana mbwembwe. Mtu asiyecheza kikapu anaweza kutazama mechi nzima asione alichokifanya, kisha akashangaa kwamba yeye ndiye aliyefunga nyingi.

Kuya si ndugu yangu wa damu. Tuliishi chumba kimoja Muscat miaka minne, mimi jikoni hotelini, yeye fundi wa viyoyozi. Kwao "kuya" ni kaka mkubwa. Mimi nikamwita hivyo, naye akajifunza kuniita "kaka". Nyumbani kwao si mbali na Pinamungajan, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya kisiwa cha Cebu, alikokulia Fajardo, na kila alipomtaja sauti yake ilibadilika, kama mtu anayemsema mtoto wa mtaani kwao aliyefika mbali.

Alinieleza mengi kuhusu mchezo huu kwao. Kila barangay, yaani kila mtaa au kijiji, ina uwanja wa kikapu, na mingi imeezekwa. Hapohapo watu hufanya mikutano, hufanya sherehe, na kimbunga kikija familia hukimbilia hapo na kulala sakafuni. Watoto wanacheza wamevaa kandambili. Ligi yao ya kulipwa, PBA, ilianza 1975, na ndiyo ya kwanza ya aina yake Asia. Timu hazibebi majina ya miji. Zinabeba ya makampuni: bia, simu, rangi za nyumba, na hadi 2022 hata maziwa. Mwanzoni nilidhani mapenzi ya namna hiyo hayawezi kuwa ya kweli, mtu aililie timu ya kampuni? Kisha nikakumbuka timu zetu za bandari na za reli, nikanyamaza.

Fajardo amezaliwa 1989. Ana mita 2.08, na kwao huo ni urefu wa kugeuza watu shingo barabarani. Kuya anasema miguu yake ilikuwa mizito na mwendo haukumvutia mtu. Alichezea Chuo Kikuu cha Cebu, mbali na vyuo vya Manila vinavyoonyeshwa kwenye televisheni. Mwaka 2012 alichaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, akaingia timu ya San Miguel, ile ya bia, ambayo wakati huo ilikuwa ikiitwa Petron. Msimu wake wa kwanza, tuzo ya mchezaji mpya bora ilikwenda kwa Calvin Abueva, aliyekuwa amechaguliwa nyuma yake. Abueva ni moto, anakimbia, anaruka, anajitupa. Kumpenda kulikuwa rahisi.

Hapa ndipo ninapopenda kusimama kila nikiifikiria safari yake. Mimi pia nilikuwa senta, yule mrefu anayesimama chini ya goli, ligi za mtaani Dar, na ninajua senta mzito anavyotazamwa. Tangu Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet achaguliwe wa pili NBA, ligi ya Marekani, mwaka 2009, kila kijana mrefu kwetu ameulizwa swali moja tu: wewe unakwenda lini? Hakuna anayemuuliza kama amefundishwa kuweka miguu. Fajardo alifundishwa, naye akakubali kufundishwa. Msimu wa pili akawa mchezaji bora wa ligi nzima, kisha akashinda tuzo hiyo kila msimu, sita mfululizo, kuanzia 2014 hadi 2019. Kabla yake, Ramon Fernandez na Alvin Patrimonio ndio waliokuwa juu, kila mmoja akiwa na nne. Timu yake ikachukua Philippine Cup, kombe lisiloruhusu wachezaji wa kigeni, mara tano mfululizo.

Kuya huipenda zaidi fainali ya 2016, na ameisimulia mara nyingi mno mpaka na mimi naiona. Fajardo ameumia goti kabla ya fainali. Wapinzani wao, Alaska, wanashinda mechi tatu za mwanzo katika fainali ya mechi saba. Hakuna timu katika ligi hiyo iliyowahi kutoka hapo. Wenzake wanapambana bila yeye, wanashinda ya nne. Mechi ya tano anavaa jezi na kuingia. Wanashinda tena, na tena, na ya saba. Mashabiki wakaunganisha neno bia na neno muujiza, wakapata jina la fainali hiyo. Wakati akisimulia, Kuya husimama. Hajawahi kuisimulia akiwa amekaa.

Mapema Februari 2020, mazoezini, ukavunjika mfupa wa muundi.

Nilipoambiwa habari hiyo Muscat nilisema pole, kama mtu anavyosema pole. Sikujua nilikuwa nasema nini. Sasa najua. Muundi ndio nguzo ya senta. Kazi yetu yote ni kusimama mahali ambapo watu hawataki usimame. Unasukumwa kiuno, unapigwa kiwiko, unatua na uzito wako wote na wa mwingine, na mzigo huo wote unashukia mfupa ule mmoja ulioko chini ya ngozi tupu, usio na nyama ya kuukinga. Wangu ulivunjika nikitua na ribaundi juu ya kiatu cha mwenzangu. Niliusikia kabla sijauhisi.

Yeye alikuwa na umri wa miaka 30. Akapasuliwa. Mwezi uliofuata korona ikasimamisha ligi, na iliporudi Oktoba, timu zote zikiwa zimefungiwa mahali pamoja, Clark, yeye hakucheza. Timu ya Ginebra ikachukua kombe lililokuwa la San Miguel miaka mitano. Alirudi 2021. Mwaka huohuo mama yake akafariki. Kuya aliniambia hilo kwa sauti ya chini, akazima simu, tukalala bila kusema zaidi.

Septemba 2022 San Miguel waliwafunga TNT katika mechi ya saba ya fainali, na mchezaji bora wa fainali akawa yeye. Tuzo ya msimu ikarudi kwake, ya saba, kisha ya nane. Watu wanahesabu zote pamoja. Mimi siwezi. Zile sita alizipata kwa mwili ambao haujavunjika. Hizi zilizofuata alizipata baada ya kujifunza upya kukanyaga, na kwangu ni nzito zaidi.

Nimekumbuka pia tarehe 31 Agosti 2023. Kombe la Dunia lilikuwa Manila, Fajardo akiwa kikosini, na Ufilipino wakakutana na Sudan Kusini. Chumba chetu kiligawanyika. Wasudani Kusini ni majirani, ilikuwa mara yao ya kwanza kufika huko, na vijana wale warefu walicheza kama waliokuwa wakiingoja siku hiyo tangu kuzaliwa. Walishinda 87 kwa 68. Nilishangilia, kisha nikageuka nikamwona Kuya amefunika uso na taulo. Nikamtengenezea chai. Siku mbili baadaye Ufilipino wakaifunga China 96 kwa 75, naye akanitengenezea mimi. Mwezi wa kumi, kule Hangzhou, wakapata dhahabu ya Michezo ya Asia, ya kwanza tangu 1962, na Fajardo alikuwemo. Usiku ule hatukulala kabisa.

Jana Kuya ameniandikia: "Kaka, mguu?" Nikamjibu kwamba Jumatatu wanakata hogo. Akanitumia video fupi ya June Mar akirusha mitupo huru, hakuna kingine, mpira baada ya mpira. Nimeitazama miguu tu. Vidole vinaanza kushika sakafu, kisha kisigino kinainuka taratibu.

Soksi ya Jumatatu nimeshaitoa kabatini. Nimeiweka juu ya kiti, karibu na magongo.