Kumbukumbu ya sarakasi: mwaka wangu wa kubeba watu

Januari

Kocha amenipanga chini. Katika kundi letu hapa Kaloleni, Nairobi, kuna warukaji, kuna wanaosimama juu, na kuna wabebaji, na tangu mwaka uanze mimi ni mbebaji. Nilijiunga nikitaka kupinduka nyuma hewani kama wale vijana wa mtaani wanaorukia tairi kuukuu lililofukiwa nusu ardhini. Hamu hiyo ingalipo, ila kazi ya chini imenikamata. Wanawake wanaobeba ni wachache, na kila msichana mpya huniuliza maswali yale yale, ndiyo sababu naandika.

Swali la kwanza huwa ni nguvu. Mimi huanza na mahali pa kukanyaga. Anayepanda paja lako aweke mguu karibu na nyonga, maana kila anaposogea kuelekea gotini uzito ule ule unazidi kukuelemea. Ukiwa umepiga magoti na mikono chini, akanyage juu ya nyonga au juu ya mabega, palipo na paja au mkono wa kuupokea mzigo. Katikati ya mgongo hapakanyagwi kabisa, hapana nguzo chini yake. Begani, nyayo zikae karibu na shingo, nawe ushike mashavu ya miguu yake kwa nyuma uyavute chini, huku yeye akibana miguu kwenye kichwa chako. Mkishikamana hivyo mnakuwa mti mmoja.

Mazoezi ya mwezi: kukaa ukutani bila kiti, kuchuchumaa nikiwa nimebeba mtu, kusimama kwa mikono nikiegemea ukuta ili mabega yazoee. Viganja viliuma wiki za mwanzo. Sasa tunavipasha moto kabla ya kitu kingine chochote.

Februari

Tumeanza piramidi ya watu sita, watatu chini, wawili katikati, mmoja juu, wote wakiwa wamepiga magoti. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, nayo ilibadili jinsi tunavyojipanga. Chukua kila mtu ana kilo 60 na kila mtu anagawa mzigo wake sawasawa kwa wawili walio chini yake. Wa juu anampa kila wa katikati kilo 30. Kila wa katikati, akijumlisha zake, anashusha 90, yaani 45 kila upande. Walio pembeni chini wanabeba 45 kila mmoja. Yule wa kati chini anapokea kutoka pande zote mbili, anabeba 90.

Kumbe nafasi ile tuliyokuwa tukimpa yeyote aliyefika mapema ndiyo nzito mara mbili! Nilimwonyesha kocha karatasi. Akaitazama, akasema, "Basi dada, hapo kati ni pako." Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Machi na Aprili

Mvua ndefu. Uwanja ni tope, tumehamia ukumbi wa jamii, na sakafu ya saruji haina huruma. Tulichanga tukanunua magodoro ya sponji soko la Gikomba, fundi akatushonea foronya za turubai. Yanateleza kidogo yakilowa, kwa hiyo tunayakausha na tunafanya peku.

Miezi hii miwili nimejifunza jambo ambalo naliona ndilo moyo wa sarakasi ya kubebana: anayesawazisha ni mmoja tu, naye ni wa chini. Mtu akisimama mabegani mwako akahisi anaegemea mbele, mwili wake unataka kujirudisha nyuma. Nawe chini umeshahisi, umeshapiga hatua mbele kuufuata uzito. Mkirekebisha wote wawili mnapishana, myumbo unazidi, mnaanguka. Kwa hiyo wa juu anakaza tumbo, anakaza makalio, anatazama mbali mbele yake na kubaki kama mlingoti. Mbebaji ndiye anayetembea chini ya mlingoti huo. Ukitazama kwa karibu utaona miguu yangu haitulii hata kidogo: vidole vinashika sakafu, visigino vinaongeza na kupunguza, magoti yanalegea na kukaza. Juu panaonekana pametulia kwa sababu chini panafanyika kazi.

Ni jambo gumu kumwomba mtu. Binti anayesimama juu yangu ni mwanafunzi wa sekondari, mwepesi, jasiri, na ushujaa wake wote ulikuwa katika kujiokoa. Ilimlazimu auweke mikononi mwangu. Kabla hajapanda hata mara moja nilikwenda kwao na kocha, tukamweleza mama yake kila hatua, tukamwonyesha wakingaji, wale wa kumdaka akiteleza, watasimama wapi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na akishuka, anashukaje?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu sarakasi. Tulilijibu kwa Aprili nzima. Wa juu anashuka kwanza, siku zote, na hakuna wa chini anayesogeza hata kidole kabla miguu yake haijagusa godoro. Akiwa mabegani ananipa mikono yote miwili, nalegeza magoti kidogo, natamka "haya", anaruka mbele akiwa ameshika, mimi nampunguzia kasi kwa mikono hadi atue kwa vidole vya miguu na magoti yakiwa yamekunjika. Mkingaji wa mbele na wa nyuma wanamshika kiunoni, kamwe si mkononi, kwa sababu mkono ukivutwa bega linaweza kuteguka. Tumemfunga leso kiunoni, imebana, ili wapate pa kushika. Sauti ya kuhesabu ni moja, yangu. Mtu mwingine yeyote akisema "shuka" hashuki.

Nimeshaona makundi yakijenga piramidi nzuri sana kisha yakaibomoa tu, kila mtu akaruka kivyake watu wakipiga makofi. Siipendi. Umeshajenga, basi ishushe kama ulivyoipandisha, kwa mpango, na hadhira ione kwamba mlijua mnachofanya tangu mwanzo hadi mwisho.

Mei

Kimya kidogo, wengi wana kazi. Nilikwenda Ngara kuitazama Sarakasi Dome kwa nje. Lile jengo lilikuwa sinema, Shan, kabla ya kuwa nyumba ya sarakasi. Shirika la Sarakasi lilianza 2001, na kutoka humo wametoka Wakenya wengi waliokwenda kufanya kazi ng'ambo. Kabla ya hapo, vijana wa Pwani walikuwa wakiwatumbuiza watalii kwenye mahoteli, na huku Nairobi wengi wetu tuliwaona wanasarakasi mara ya kwanza Bomas of Kenya, wakiingia ngoma zikiisha. Nilikwenda na shule. Nakumbuka mtu mmoja alibeba wenzake hadi sikuuona uso wake. Natamani leo ningemwona usoni.

Julai

Baridi. Kujipasha moto kumekuwa kurefu, hasa viganja, vifundo vya miguu na kiuno.

Tumefanya shoo yetu ya kwanza ya mwaka, siku ya zawadi katika shule moja ya msingi Makadara. Kocha aliuzunguka uwanja peku akiokota kokoto, kisha akachagua upande tambarare ambapo jua lingekuwa mgongoni mwetu, maana wa juu akipigwa na jua machoni hana pa kutazama. Kamba ilifungwa kuwazuia watoto, lakini watoto ni watoto, walisogea na kamba yao. Mkuu wa shule aliwarudisha kwa upole mara kadhaa.

Wimbo ulikuwa wa Lingala, sebene ndefu, na humo ndimo tulimopanga kila kitu: warukaji kwanza, kamba ya kuruka, limbo, kisha sisi. Nilipopiga magoti pale kati chini nilisikia nyasi baridi viganjani na mzigo ukija kwa awamu, kushoto, kulia, kisha ule wa juu kabisa ambao huusikii kama uzito, unausikia kama utulivu. Nilipumua pumzi fupi fupi, kwani ukizishikilia misuli inatetemeka. Tukashuka kwa hesabu. Kisha yule binti na mimi peke yetu, yeye mabegani mwangu, nikatembea naye toka upande mmoja hadi mwingine mbele ya watoto, naye akiwa amenyoosha mikono. Nilimwambia kabla, "Usinisaidie." Hakunisaidia. Alikaa wima njia nzima, na imani ile aliyonipa mbele ya umati ndiyo zawadi yangu ya mwaka.

Mpishi wa shule alinijia baadaye, akanishika mapaja yote mawili bila kuomba ruhusa, akasema, "Mwanangu, hapa kuna kazi." Kuna kazi kweli, mama.

Agosti tunaanza kusimama kutoka kuchuchumaa nikiwa na mtu begani, kisha kumbadilisha wa juu bila yeye kugusa chini. Nimeomba tujaribu watu watatu kwa mnara. Kocha amesema atalifikiria nikiweza kutembea na binti huyu ukumbi mzima, kwenda na kurudi, nimefumba macho.