Herufi ya Ishirini na Tano

Jumatatu asubuhi, foleni ya madereva ikiwa imefika hadi kwenye mtaro, skrini ya karani ikageuka nyeupe na kuandika 502. Dada karani hakuniita kwa jina. Aligonga bati la kontena mara mbili kwa kalamu, ishara tuliyokuwa tumeshaizoea. Maana yake: kaka, mfumo umeanguka tena.

Ilikuwa 2019, kwenye yadi moja ya makontena kando ya barabara ya Jinja, kule Namanve. Mimi ni mtoto wa Tanga, nilikwenda Kampala kusoma, chuo kikaisha nikawa sijarudi. Ofisi yetu ilikuwa kontena la futi 40 lililotobolewa madirisha mawili. Mvua ikinyesha hamsikilizani, jua likiwaka mnaiva. Kazi ile niliipata nusu kwa sababu ya kompyuta na nusu kwa sababu ya Kiswahili. Wenzangu wengi pale walikisikia wakakumbuka wanajeshi waliokuwa wakikizungumza, hawakukipenda sana, na dereva aliyetoka Mombasa, kilomita zaidi ya 1,100 nyuma yake, hana subira ya kutafutiwa mkalimani.

Mfumo wenyewe ulikuwa mdogo. Dereva anafika, karani anaandika jina lake, namba ya lori na namba ya kontena, printa inatema pasi ya geti yenye ile mistari ya kuskaniwa. Zamani kazi hiyo ilifanywa na programu ya mezani, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C na fundi ambaye alikuwa ameshahama nchi. Mimi nikaandika ya kutumika kwenye kivinjari, kwa lugha nyingine, Python, ila sehemu ya kupanga maandishi na mistari ya pasi sikuiandika upya. Nilichukua msimbo wake ule ule wa C, nikaugeuza maktaba, Python ikawa inaiita kila pasi inapotakiwa. Kwa nini uvunje kitu kilichofanya kazi miaka tisa? Nilisema hivyo kikaoni, tena kwa kifua.

Sasa 502 ni namba inayotolewa na seva ya mbele inapombishia hodi wa nyuma na hakuna anayeitika. Nyuma nilikuwa na wafanyakazi wanne, michakato minne ya Python, na mzazi mmoja anayewasimamia. Mmoja akifa, mzazi anazaa mwingine kufumba na kufumbua. Kwa hiyo kosa lilimpata yule tu aliyekuwa dirishani dakika ile. Anayefuata alihudumiwa kama kawaida. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza nililidharau. Nilidhani ni mtandao.

Logi, daftari la matukio ya seva, ilikuwa na mstari mmoja tu: free(): invalid pointer, yaani kipande cha kumbukumbu kinachorudishwa hakitambuliki. Kisha taarifa kwamba mfanyakazi ameuawa kwa ishara namba 6. Siku nyingine mstari ulibadilika ukasema corrupted size vs. prev_size, yaani ukubwa ulioandikwa wa kipande umeharibika. Aliyezoea Python huwa amedekezwa: ukikosea, inakuambia faili gani, mstari wa ngapi, na uliitwa na nani. Makosa ya kumbukumbu kwenye C hayana adabu hiyo. Mchakato unatamka sentensi moja na kukata roho.

Nikawasha faulthandler, kifaa kinachokuja na Python yenyewe, ambacho mchakato ukifa huchapa mahali Python ilipokuwa. Nilitarajia sasa nitamkamata mtu. Jumatatu kikanyooshea kidole dereva ya hifadhidata (si ya lori, ni maktaba inayoiunganisha Python na hifadhidata). Jumatano, sehemu inayobana majibu kabla ya kuyatuma. Ijumaa, uchoraji wa fonti. Watu watatu tofauti, wote wamekutwa na maiti, na hakuna aliyekuwa na kisu.

Mimi nikamshika wa kwanza. Fundi wa hifadhidata alikuwa anafanya kazi kutoka Entebbe, nikamwandikia ujumbe ambao nikiusoma leo natamani ardhi ipasuke. Akakesha akibadilisha toleo la maktaba yake, asubuhi mfumo ukaanguka vile vile saa mbili na robo. (Baadaye nilimwomba radhi kwa rolex mbili, zile chapati za kuviringishia mayai, za mayai matatu matatu. Alizila zote mbili, hakusema lolote.)

Meneja alikuwa mtu wa vitendo. Akauliza: hawa wafanyakazi wako, si tuwapumzishe kabla hawajafa? Alikuwa amesoma mahali kwamba unaweza kumwamuru mzazi ambadilishe kila mfanyakazi akishahudumia maombi kadhaa. Niliweka hamsini. Makosa yakapungua, meneja akafurahi, na mimi nikaona aibu, kwa sababu nilijua nimempa mgonjwa panado.

Aliyekuwa ameshajua jibu, au nusu yake, ni dada karani. Aliniambia tangu wiki ya kwanza: "Kaka, hii kitu inaanguka wakiingia wa Mombasa." Nikamjibu kitaalamu kwamba wale huja kwa mkupuo, wameendesha usiku, wanafika kumi kwa pamoja, kwa hiyo mzigo wa seva unapanda. "Banange," akasema, "hata akija mmoja." Nikacheka. Sikuandika popote.

Nje ya geti palikuwa na kibanda cha mama mmoja wa chai na chapati. Mchana wa Alhamisi nimekaa pale na sahani ya kikomando, chapati ya kukatwakatwa na maharage, akaja mzee mmoja dereva, mvi hadi kwenye nyusi, kofia ya kiua imekaa sawasawa kama vile hajatoka kwenye trela. Nikampisha kwenye benchi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe wa kompyuta?"

"Ndimi."

"Basi nambie, kompyuta yako ina ugomvi gani na babu yangu?"

Akatoa pasi mfuko wa shati, akaikunjua juu ya meza, akaweka kidole. Jina lake lilikuwepo, la baba yake lilikuwepo, refu, lililoanza kwa "Abdul" na mengine nyuma. La babu yake lilikuwa na herufi tatu, kisha karatasi tupu.

"Mlangoni kwa mwenye mzigo walinganisha na leseni," akasema. "Leseni ina babu mzima, pasi ina babu nusu. Wanifanya nisimame juani. Na si kompyuta peke yake. Hata ile fomu yenu ya kale, ya visanduku, babu hakupata kutosha. Nalivihesabu siku moja nangoja zamu yangu. Ishirini na vinne."

Fomu ile niliijua. Ilikuwa bado inakaa kabatini, bunda zima, kila herufi na kisanduku chake. Na namba 24 niliijua kutoka mahali pengine, juu kabisa ya faili la C la yule fundi, namba ambayo nilikuwa nimeiruka kwa macho labda mara mia.

Chapati ikanishinda. Madereva wa Uganda wanaopita pale wengi huandika majina mawili, la nyumbani na la dini, basi. Wa pwani huandika lake, la baba na la babu. Na mimi, mtu wa Tanga mwenye majina matatu kwenye kila cheti, katika majaribio yangu yote nilikuwa nikiandika "Juma Ali". Herufi nane, nafasi ikiwemo.

Usiku ule nilibaki peke yangu na mlinzi. Nikaandika herufi A mara 23, nikabonyeza. Pasi safi. Nikaongeza moja, zikawa 24. Pasi safi pia. Nilikaa nikiitazama ile karatasi yenye A tupu kama mtu aliyepewa chenji kamili na bado anahisi ameibiwa. Nikarudia zile 24, tena na tena, nikichanganya na maombi mengine: orodha ya malori, ripoti ya jana. Mara ya kumi na moja mfanyakazi akafa. Akiwa anatengeneza ripoti, si pasi.

Nikaihamishia kazi kwenye laptopu yangu na kuiendesha seva ndani ya Valgrind. Kifaa hiki kinasimama kati ya programu na mashine, na kuangalia kila baiti (nafasi ndogo ya kumbukumbu, inayotosha herufi moja ya kawaida) inayosomwa na kuandikwa. Gharama yake ni mwendo: seva iliyokuwa ikiamka kwa sekunde mbili ilichukua karibu dakika nzima. Na mara ya kwanza kilinimwagia malalamiko elfu kidogo, yote kuhusu Python yenyewe. Python haichukui kumbukumbu punje punje. Inachukua shamba zima na kujigawia humo vitu vidogo vidogo kwa utaratibu wake, na Valgrind haiuelewi utaratibu huo. Saa nzima ilipotea kabla sijakumbuka kwamba tangu toleo la 3.6 unaweza kuweka PYTHONMALLOC=malloc, Python ikaacha ujanja wake na kuomba kila kitu kwa mlango wa mbele. Nikauandaa upya ule msimbo wa C ukiwa na namba za mistari, nikaanza tena.

Kimya. A ishirini na tatu, kimya. A ishirini na nne, na palepale maneno yakatoka, kabla hata ya pasi: imeandikwa baiti 1 mahali pasipo pake, baiti 0 baada ya kipande cha baiti 24. Jina la faili. Mstari wa 118.

Baiti 0 baada. Yaani mguu umekanyaga ng'ambo ya ukuta, kisigino kikiwa bado kinagusa ukuta.

Mambo yalikuwa hivi. Katika C, maneno hufungwa kwa sifuri, ili msomaji ajue yameishia hapo. Yule fundi alihesabu visanduku vya fomu, akaomba baiti 24, akanakili herufi zisizozidi 24 (ndipo babu alipokatwa), kisha kwa uangalifu mkubwa akaweka sifuri ya kufungia, kwenye nafasi ya 25. Nafasi hiyo hakuiomba.

Asubuhi nilimweleza dada karani kwa mfano wa yadi yetu. Chukulia kila kontena lina eneo lake, na mbele ya kila eneo pana kibao cha chaki kinachosema ukubwa wake. Sisi tumejaza eneo letu hadi mwisho, halafu tumedondosha sifuri moja ng'ambo, ikafuta chaki ya kibao cha jirani. Jirani hajui. Anaendelea na shughuli zake, hata siku nzima. Anapokuja kurudisha eneo, mlinzi anasoma kibao, anaona ukubwa sifuri, anapiga filimbi na kufunga yadi yote. Jirani wa Jumatatu alikuwa hifadhidata. Wa Ijumaa alikuwa fonti.

"Na wewe ukamfokea jirani," akasema.

Ndiyo.

Kilichonikosesha usingizi hata baada ya hapo ni ile namba yenyewe. Kwenye mashine zetu za Linux za biti 64, maeneo hayo hayatolewi kwa ukubwa wowote unaotaka. Yanapanda kwa hatua za 16, na kibao kinakula 8. Ukiomba 20 unapewa 24. Ukiomba 25 unapewa 40. Fomu ingekuwa na visanduku 22, au 23, au 25, kosa lile lile lingeangukia kwenye ziada na lisingemgusa mtu hadi leo. Ishirini na nne ndiyo iliyojaa hadi ukutani bila hata baiti moja ya huruma.

Na ile miaka tisa niliyojivunia kikaoni? Programu ya zamani ilikuwa kibarua wa siku: inafunguliwa, inachapa pasi moja, inafungwa. Ikifungwa, mfumo wa uendeshaji unajichukulia yadi yote bila kusoma kibao chochote. Vibao vilikuwa vikifutwa tangu siku ya kwanza, ila hapakuwa na aliyekaa muda wa kutosha kuvisoma. Mimi ndiye niliyemgeuza kibarua kuwa mwajiriwa wa kudumu.

Kurekebisha kulihitaji namba moja, 24 iwe 25. Sikuishia hapo. Niliweka nafasi ya baiti 64 na ya sifuri juu yake, nikapanua pasi jina lishuke mstari wa pili likizidi, na upande wa Python nikaweka ukaguzi wa urefu unaohesabu baiti, si herufi. Ile amri ya kubadilisha wafanyakazi kila maombi hamsini nikaiondoa. Meneja akatazama mabadiliko, akauliza kama kweli wiki tano zote zilikuwa kwa ajili ya mistari ile michache. Nikamwambia ndiyo, akashusha pumzi, akasaini.

Mzee alirudi baada ya majuma matatu. Nilimwona dirishani kabla hajaniona. Dada karani alimpa pasi, na yeye badala ya kuikunja aliinyoosha mbali, mkono wote, maana miwani ilikuwa kwenye lori, akaisoma polepole midomo ikicheza hadi mwisho wa mstari wa pili. Nyuma yake dereva mwingine akaanza kuguna.

"Ngoja kwanza," mzee akamwambia bila kugeuka. "Leo babu kaingia Uganda."