Kopo linalonihesabia dakika

Kazi yangu ni kutafsiri, nafanyia nyumbani hapa Tabata, na muda wa kazi na mapumziko nilikuwa nahesabu kwa simu, ila simu bwana, unaishika kuangalia zimebaki dakika ngapi unakutana na meseji za magrupu, kuja kushtuka nusu saa imekwenda na mgongo unauma maana hujanyanyuka kabisa. Nikataka kitu kinachojua kazi moja tu.

Utaratibu ni ule wa Mwitaliano Francesco Cirillo, aliuanza miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 kazi, 5 kupumzika, ikifika mizunguko minne unapumzika zaidi.

Basi Jumamosi nikashuka Kariakoo, nikachukua Arduino Nano (kikompyuta kidogo cha kibao kimoja unachokiandikia programu), taa mbili za LED, kengele ndogo na swichi ya gololi. Kaka wa dukani akaniongezea rezista, vidude vya kupunguza umeme, “Dada hizi taa usiunge hivihivi, utaunguza.” Hiyo swichi ndo nimeipenda kuliko vyote, kidude kidogo kama punje ya maharage, ukikitikisa sikioni unasikia gololi inacheza, kikisimama inagusa nyaya, ukikipindua inaachia. Nikavifunga vyote ndani ya kopo la Blue Band, matundu ya taa nikatoboa kwa msumari wa moto. Kopo likikaa wima ni kazi, taa nyekundu, ukiligeuza kichwa chini ni mapumziko, kijani. Hakuna cha kubonyeza, na linatumia pawabenki kwahiyo umeme ukikatika lenyewe linaendelea.

Siku ya kwanza halikulia, saa nzima kimya! Nikakagua nyaya zote weee mpaka usiku, kumbe tatizo ni hesabu. Kwenye programu nilikuwa nimeandika 25*60*1000 kugeuza dakika 25 ziwe milisekunde, na kwenye Nano namba za kawaida zinaishia 32,767, sasa milioni moja na nusu itaenea wapi, ikageuka hasi, na ilivyoingia kwenye hesabu ya muda, ambayo haijui hasi, ikawa kipindi cha siku 49 na ushee. Nikaandika 25UL, hiyo UL inaiambia Nano itumie namba kubwa, basi, likalia.

Halafu lori likipita barabarani meza inatetemeka, gololi inaruka, kopo linadhani limegeuzwa. Nimeliambia lisubiri nusu sekunde kwanza, limetulia.

Sasa likilia nanyanyuka kweli, natoka kibarazani, nanyoosha mgongo, simu naiacha ndani. Bado mapumziko marefu ya baada ya mizunguko minne, hayo nayaweka wikiendi hii.