Hali ya Hewa Inahama, Mipaka ya Hifadhi Imesimama

Tunapozungumzia ongezeko la joto duniani na wanyamapori, picha inayotujia haraka ni ya mnyama anayekufa kwa kiu chini ya jua kali. Mateso hayo yapo, lakini kadiri ninavyozidi kulifuatilia suala hili ndivyo ninavyoamini kwamba hatari kubwa zaidi iko kwingine: makazi yenyewe yanahama, na wakazi wake wengi hawana njia ya kuyafuata. Wastani wa joto la dunia katika mwongo wa 2011 hadi 2020 ulizidi ule wa nusu ya pili ya karne ya 19 kwa takriban nyuzi 1.1 za Selsiasi. Kwa mtu aliyeketi ndani ya nyumba tofauti hiyo haina uzito, lakini kwa samaki asiyeweza kuupasha wala kuupoza mwili wake mwenyewe, kiasi hicho chaweza kutenganisha maji anayoyamudu na yale yanayomshinda.

Viumbe wengi hujibu badiliko la namna hii kwa kuhama. Waliozoea baridi husogea kuelekea ncha za dunia au hupanda milima, na ndivyo ilivyokuwa pia katika vipindi vya kale ambapo dunia ilipoa na kupata joto, ingawa mara nyingi mabadiliko hayo yalichukua maelfu ya miaka. Safari hii yanatokea ndani ya umri wa mtu mmoja, tena katika nchi kavu iliyokatwakatwa na mashamba, nyua, miji na barabara. Chura ambaye ngozi yake lazima ibaki na unyevu hawezi kuvuka eneo pana lililofyekwa miti yote, hata kama msitu unaomfaa uko ng'ambo yake.

Mlima nao una kikomo, jambo ambalo husahaulika upesi. Nchini Peru, watafiti waliwahesabu ndege wa mlima mmoja usiofika mita 1,500 mwaka 1985, kisha kazi hiyo ikarudiwa mwaka 2017. Joto la hapo lilikuwa limepanda kwa chini ya nusu nyuzi tu, lakini ndege wengi walikuwa wamesogea juu, na spishi kadhaa zilizokuwa za kawaida kileleni hazikuonekana tena. Zilizoishi katikati ya mteremko zilipata pa kupanda. Zilizokuwa juu kabisa hazikuwa na mahali pengine.

Kisiwa kidogo hakitofautiani sana na kilele. Bramble Cay, kati ya Australia na Papua New Guinea, ni kipande cha mchanga na majani kilichoinuka mita chache tu juu ya bahari, na panya wa aina ya pekee aliishi hapo bila kupatikana popote pengine. Maji ya chumvi yaliyoingia kisiwani tena na tena yaliua sehemu kubwa ya mimea aliyoitegemea kwa chakula na maficho. Alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2009, na mwaka 2019 serikali ya Australia ilimtangaza rasmi kuwa ametoweka. Kila nikifikiria habari hii hunihuzunisha kwamba mnyama mzima, na historia yake yote, aliondoka na wengi wetu hatukuwahi kusikia kwamba yupo.

Wapo pia wanaoweza kusafiri mbali na bado wakanaswa. Kasa jike huvuka bahari kubwa, lakini kutaga hurudi katika eneo la fukwe alikozaliwa. Huchimba shimo kwa mapezi yake ya nyuma, hutaga mayai yapatayo 100, huyafukia na kuondoka, na tangu hapo mchanga ndio unaoamua jinsia ya watoto. Mchanga ukiwa na takriban nyuzi 29, madume na majike hukaribiana kwa idadi. Ukizidi hapo majike huongezeka, na ukipata joto kali mno viinitete hufia ndani ya mayai. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 kuhusu kasa wa kijani wa kaskazini mwa Great Barrier Reef, miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia, ulionyesha kwamba miongoni mwa wachanga wao, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Ufuko kama huo unaweza kuonekana umejaa uhai kwa miaka mingi, huku madume wa kizazi kijacho wakiwa hawazaliwi.

Hapo ndipo ninapotilia shaka namna tunavyohifadhi. Mipaka ya hifadhi huchorwa kwenye ramani ikabaki hapo, ilhali mvua na joto vilivyolifanya eneo hilo lifae vinaendelea kusogea. Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yalikubaliana kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, lakini naona mahali asilimia hizo zinapowekwa ni muhimu kuliko hesabu yenyewe. Mteremko unaolindwa wote, kuanzia bondeni hadi kileleni, huwapa viumbe njia ya kupanda. Vivyo hivyo shoroba zinazounganisha hifadhi mbili, na misitu ya kando ya mito ambako kivuli hulinda ubaridi na unyevu.

Kwa matumbawe, hata hivyo, ushoroba hausaidii, kwa sababu yaliyokwisha kujijenga hayawezi kung'oka. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu, kwa wiki kadhaa, huwapoteza mwani wadogo wanaoyalisha, yakabaki meupe na yenye njaa. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), chombo cha kisayansi cha Umoja wa Mataifa, lilikadiria mwaka 2018 kwamba ongezeko la nyuzi 1.5 litaangamiza kati ya asilimia 70 na 90 ya miamba ya matumbawe, na nyuzi 2 zitaangamiza zaidi ya asilimia 99. Nusu nyuzi hiyo haiamuliwi na askari wa wanyamapori wala na mpaka wa hifadhi yoyote, bali na kiasi cha makaa ya mawe, mafuta na gesi kitakachoendelea kuchomwa.