Muhuri Umo Mkobani Mwangu

Tanga, Jumapili usiku

Muhuri wa chama umo mkobani mwangu tangu jana jioni. Ni kitu chepesi tu. Kishikio chake cha mbao kimeng'aa kwa vidole vya makatibu walionitangulia, na wino wa zambarau umeganda pembeni. Mkoba nimeuweka juu ya kabati, watoto wasije wakauchezea. Kila nikipita kwenda jikoni macho yanakwenda pale.

Jana tulichagua viongozi. Mimi nimekuwa katibu wa chama chetu cha madalali wa nyumba na viwanja hapa mjini, kwa kura 25 dhidi ya 22, moja ikaharibika. Uenyekiti amechukua kaka yetu mmoja wa Usagara. Sikumpigia kura, na mwenyewe anajua, maana nilisimama mbele za watu nikaipinga hoja yake kubwa. Nayaandika haya leo kabla hatujaanza kazi pamoja, kabla sijaanza kuyasahau au kuyapamba.

Ukumbi ulikuwa Ngamiani, barabara ya 12. Tangazo lilisema saa nne asubuhi. Tulianza saa sita kasoro robo, akidi ilipotimia baada ya wenzetu wa Pongwe na Kange kuingia. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alikuja kusimamia. Karatasi za kura zilikatwa kwa rula kutoka kwenye kaunta buku, katibu anayeondoka akazigonga muhuri moja moja, na boksi la kura lilikuwa katoni ya mafuta ya kupikia iliyozungushiwa selotepu. Mzee wetu wa Makorora alisoma dua. Nimeipenda dua ile. Aliomba Mungu atuepushe na riziki yenye machozi ya mtu.

Kabla ya kura tukabishana nusu saa nzima juu ya mwenzetu mmoja aliyekuja na ada ya mwaka mkononi, anataka kuilipa palepale ili apige kura. Katiba yetu inataka ada ilipwe siku 30 kabla ya uchaguzi. Mimi nilikuwa mweka hazina anayemaliza muda, daftari liko mapajani mwangu, na huyo ndugu alikuwa wa upande wangu, kura yake nilikuwa nayo mfukoni. Nilisema haiwezekani. Alinitazama jicho ambalo bado linaniuma, akatoka nje, akakaa kwenye pikipiki yake mpaka tulipomaliza. Kesho nitampigia simu.

Sasa hoja yenyewe. Kaka alisimama akazungumza vizuri kuliko mtu yeyote siku ile, nami sitaki kumdhulumu. "Ndugu wajumbe," alisema, "sisi tunaonewa kwa sababu hatuna mtu. Mthamini ana sheria yake tangu 2016, ana bodi. Mpangamiji ana bodi. Wakili ana chama kinachosikika nchi nzima. Dalali ana nini? Ana simu." Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Ni kweli tupu. Miaka nenda rudi tunasikia habari za sheria ya kusimamia sekta ya milki, yaani biashara ya nyumba na viwanja, na hadi leo mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi, akabandika namba yake kwenye mwembe wa Mabawa, akawa dalali. Machi 17, 2025, Rais Samia alipozindua toleo jipya la Sera ya Taifa ya Ardhi kule Dodoma, tulikusanyika kwenye kibanda cha mwenzetu pale Chumbageni tukatazama kwenye televisheni kama watu wanaotazama mpira. Lakini sera si sheria, na sisi tunaokaa na wateja ndio tunaojua umbali uliopo kati ya hivyo viwili.

Dawa aliyoitaja kaka ni kwamba chama kiwe na mfuko wa siasa. Kila mwanachama achange, tuwabebe wagombea wa mtaa, wa udiwani na wa ubunge wanaotujali, kesho nao watubebe sisi. Akatoa mfano wa Marekani: kule, alisema, chama cha madalali kinaogopwa na wabunge.

Habari hiyo alikwisha kuitaja kwenye kundi letu la WhatsApp wiki mbili nyuma, nami nikaifuatilia usiku kadhaa mpaka macho yakauma. Chama chenyewe kinaitwa National Association of Realtors, kilianzia Chicago mwaka 1908, kina wanachama zaidi ya milioni moja, na mfuko wake wa siasa upo tangu 1969. Katika kutumia fedha kuwashawishi watunga sheria wa nchi ile, kimo miongoni mwa wakubwa kabisa. Hapo kaka amesema kweli. Kitu kingine chao kilinivutia zaidi: rais wa chama huchaguliwa mapema, akakaa mwaka mzima karibu na kiti akijifunza kabla ya kukikalia. Sisi tunakabidhiana kaunta buku na muhuri, basi, kila mtu na lwake.

Ila mwisho wa habari ile kaka hakuufikia. Kwa miaka mingi kule muuzaji wa nyumba ndiye aliyekuwa akibeba ujira wa dalali wake na wa dalali wa mnunuzi pia. Wauzaji wakaenda mahakamani, na Oktoba 2023 jopo la raia wanaoamua kesi (jury) huko Missouri likawapa haki. Machi 2024 chama kikakubali kulipa dola milioni 418 ili kesi za namna hiyo ziishe. Katikati ya hayo marais wawili wakaachia kiti kwa sababu nyingine, mmoja Agosti 2023, aliyempokea Januari 2024. Wabunge wote wale, fedha zote zile, na kilichokiangusha chama ni swali ambalo mpangaji wa Duga ananiuliza kila wiki: dada, hela ya dalali analipa nani, na kwa kazi gani?

Tangu Agosti 17, 2024, kanuni mpya zinamtaka dalali wa kule aandikiane na mnunuzi kabla ya kumtembeza nyumba, malipo yake yakiwa yametajwa. Niliposoma mstari huo niliweka simu chini. Ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Kwetu hapa mambo yanakwenda kwa mdomo. Kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, mwezi mmoja wa dalali juu yake, na kabla hujaona hata mlango utatoa hela ya kuonyeshwa, kubwa au ndogo kulingana na sura yako na haraka yako. Wazee wetu wanaikumbuka Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984. Ilifutwa mwaka 2005, na wengi tulioingia kazini baada ya hapo tumekuta uwanja uko wazi. Na mimi nimeichukua hiyo hela ya kuonyeshwa. Miaka yangu miwili ya mwanzo niliichukua kwa nyumba ambazo sikuwahi kuingia ndani yake. Sheria ninayoiomba leo, kama ingekuwapo wakati ule, ingenifungia.

Niliwaeleza hayo jana ukumbini. Halafu nikawaeleza la kiwanja.

Ilikuwa 2018. Mwaka mmoja nyuma, Agosti 2017, jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lilikuwa limewekwa Chongoleani, bomba la kilomita 1,443 linaloishia kwenye bahari yetu, na mji mzima ukawa unazungumza ardhi. Watu walishuka kutoka Dar na Arusha, wengine hawajui hata Chongoleani iko kaskazini au kusini, wanataka kiwanja tu. Nilimuuzia mama mmoja kiwanja upande huo. Hati hakikuwa nayo, kama vilivyo viwanja vingi, lakini mkataba wa mauziano ulikuwapo, majirani walitia saini, na mtaa ulikuwa umegonga muhuri. Nilipouona muhuri ule roho yangu ikatulia. Miezi sita baadaye akatokea mzee mwenye mkataba wa zamani zaidi, kiwanja kilekile, na wake pia umegongwa muhuri, wa mtaa uleule.

Shauri lilikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Yule mama alikuwa akija kutoka Dar kwa basi, anashuka Kange, ananywa chai ya rangi peke yake kwenye benchi mpaka baraza lifunguliwe. Nilikwenda kukaa naye mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Mwanangu, mimi sikuiamini karatasi. Nilikuamini wewe." Ujira wangu nilimrudishia kwa mafungu, mwaka mzima na zaidi. Hakuna sheria iliyonilazimisha, wala chama kilichoniuliza.

Ndiyo maana Novemba 2024 nilikataa. Ulipokaribia uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27, baadhi ya wanachama walitaka tutoe fedha za chama tumnunulie mgombea mmoja wa uenyekiti wa mtaa fulana na kumlipia gari la matangazo. Si mtu mbaya. Lakini mwenyekiti wa mtaa ndiye anayegonga ule muhuri kwenye mikataba yetu. Tukimvalisha sisi, tukamsafirisha sisi, siku nikimpelekea mkataba wenye shaka atauangalia kwa jicho gani? Na mama wa Dar atajua vipi kwamba muhuri ule haukulipiwa kabla hata hajashuka kwenye basi? Fedha hazikutoka, kwa sababu hundi ilihitaji saini yangu. Nilipoteza marafiki wawili, na mmoja wao nilikuwa nampenda kama ndugu.

Jana nikapendekeza kitu kidogo badala ya mfuko. Karatasi moja, ukurasa mmoja, ambayo kila mwanachama ataijaza na mteja kabla ya kumtembeza: jina la dalali na namba yake ya uanachama, nyumba au kiwanja kilipo, nani mwenye mali na dalali amemwona lini kwa macho, malipo ni kiasi gani na yanalipwa na nani, na kwamba hela ya kuonyeshwa haipo. Kwa kiwanja kiongezwe kifungu kimoja: kama kina hati, upekuzi umefanyika kwa msajili wa hati tarehe gani, kama hakina, mteja aambiwe hivyo kwa maandishi. Tuitumie mwaka mzima. Kisha tuichukue, na zile zilizojazwa, twende nazo halmashauri, kwa mbunge na wizarani, tuseme: sisi tumeanza, tusaidieni kuifanya sheria. Tuende kwa wote, wa chama chochote cha siasa, mchana, kwa barua yenye muhuri na nakala kwenye faili.

Kaka alijibu kwamba karatasi haimwogopeshi tapeli, na kwamba sisi tunaoitumia tutakosa wateja kwa wasioitumia. Hoja yake ina uzito. Kijana anayeishi kwa kuonyesha vyumba vitatu kwa siku pale Majani Mapana, ukimwondolea hela ya kuonyeshwa umemwondolea chakula cha mchana. Sikuwa na jibu kamili la hilo na sinalo sasa hivi. Nilisema tu kwamba mtaji wa kijana huyo ni jina lake, na tukilipoteza jina hatutapata sheria wala chakula. Bibi mmoja wa Raskazone, dalali tangu sijazaliwa, akaitikia kutoka nyuma, "Sema, mwanangu." Nadhani sauti yake ndiyo iliyonipa zile kura tatu.

Matokeo yakasomwa. Kaka 27, mpinzani wake 21. Kisha yangu. Pendekezo la karatasi lilipita kwa kunyoosha mikono, kwa majaribio ya miezi sita. La mfuko wa siasa limeahirishwa mpaka mkutano ujao. Kwa hiyo wamemchagua yeye, wakachagua karatasi yangu, wakanipa mimi muhuri. Jambo hilo nimelala nalo, nimeamka nalo.

Baada ya watu kutawanyika tulibaki wawili tukikunja viti. Hatukusemezana kwa muda. Halafu akaniuliza kama nimekula. Tukatoka mpaka kwa muuza kahawa wa kona, tukanywa vikombe viwili viwili na kashata, naye akaniambia kitu ambacho hakukisema ukumbini: kwamba baba yake alidhulumiwa shamba na mtu aliyekuwa na rafiki serikalini, na tangu siku hiyo amekuwa akitaka na sisi tuwe na rafiki serikalini. Nilinyamaza. Nimekaa naye kwenye chama kimoja miaka sita na sikujua. Nikamwambia barua ya kwanza ya kuomba kuonana na halmashauri nitaiandika wiki hii, ataisaini yeye, nitaigonga mimi, na tutakwenda wote wawili. Akasema, "Sawa, Bi Katibu. Lakini nami nitaileta tena hoja yangu." Nikamwambia ailete.

Taarifa ya mwaka ya Msajili wa Jumuiya haijajazwa, na hiyo ndiyo kazi ya Jumanne. Kesho saa tatu nina muuguzi mgeni, amehamishiwa hospitali ya Bombo, anatafuta vyumba viwili na jiko karibu na kazini. Nimekwisha kuchapisha karatasi tano pale stesheneri. Nyumba yenyewe nimeiingia leo alasiri, nimefungua bomba la maji, nimemwona mwenye nyumba na kumpa shikamoo yake, nimeandika tarehe. Sehemu ya malipo nimeiacha wazi, tutaijaza wote wawili mlangoni kabla sijamfungulia.