Siku jiwe la Baba lilipozama

Baba alikuwa dereva wa trela, akibeba mzigo bandarini Kilindini, Mombasa, kupeleka Malaba mpakani mwa Uganda, na kila akirudi kwetu Majengo lazima awe na kitu cha njiani, viazi ama kabichi. Safari hiyo alileta jiwe. Gari lilimharibikia upande wa Longonot, ule mlima wa volkano karibu na Naivasha, akaliokota pale kando ya barabara, akamletea mamangu la kusugulia miguu, lile kwa Kiingereza huitwa pumice. Lilikuwa la kijivu, kubwa kuliko ngumi, na ukilibeba unashangaa mbona jepesi hivi. Ukilisogeza karibu na jicho unaona vitobo vidogo vidogo vimejaa kila mahali, vingine virefu vimevutika upande mmoja, na ukilikwaruza linatoa unga unaokata vidole.

Mama akalitia kwenye karai likaelea! Kakangu hapo hapo akatoka akaokota kipande cha jiwe la matumbawe ukutani kwa jirani, nalo lina matundu tele, akalitia, likazama tii. Sasa mbona hili lizame na lile lielee?

Bahati yetu nyumba hiyo hiyo alikuwa amepanga mwalimu wa jiografia. Akatuelezea kwamba chini kule mwamba ulioyeyuka una mvuke na gesi ndani yake umebanwa, ukipanda juu mbanano unapungua, gesi inafura mapovu, mlima unalipuka na ule uji unapoa ghafla ukiwa bado umejaa mapovu unakuwa kioo. Yani jiwe lile ni kioo chenye kuta nyembamba, mengine ni hewa tupu, huweza kufika hata asilimia 90. Matumbawe matundu yanayo lakini hayatoshi, jiwe zima bado linashinda maji uzito.

Kakangu hakuridhika. "Mwalimu, na haya matundu si yako wazi, maji hayaingii?" Nampenda kakangu kwa swali lile mpaka leo, manake ndilo swali lenyewe hasa. Mwalimu akacheka akasema leteni jiko.

Jiwe likawekwa kwenye makaa, Mama analalamika, likakaa mpaka likapata moto kisawasawa, mwalimu akalishika na koleo akalitumbukiza kwenye karai. Chwaaa! Mvuke ukapanda, karai likachemka mapovu, na jiwe likaenda chini moja kwa moja, lile lile lililokuwa linaelea dakika chache nyuma.

Akasema likiwa baridi maji huingia kidogo tu kwenye vijia vyembamba, yananasa humo na kuifungia hewa ndani isipate pa kutokea. (Mwaka 2017 nilisoma wanasayansi wa Berkeley kule California wameyapiga mawe haya eksirei wakaona hivyo hivyo, gesi imefungiwa na maji yenyewe, na inapotea polepole sana, ndio maana mengine huelea miezi na miaka kabla ya kuzama.) Lakini likiwa la moto maji yanageuka mvuke ndani ya vitobo, mvuke unaifukuza hewa, halafu ukipoa unarudi kuwa matone, pale penye nafasi maji yanavutwa kwa nguvu yajaze.

Mama akataka jiwe lake. Likaanikwa juani juu ya bati, mwalimu akasema likikauka litaelea tena, na kweli likaelea.

Jioni hiyo ndio alitwambia habari za Krakatau, mlima wa Indonesia uliolipuka Agosti 1883, mawe yake yakaelea kuvuka Bahari Hindi yote mpaka mwaka uliofuata yakafika pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, yamekusanyika kama mikeka. Kakangu akataka twende baharini usiku ule ule. Baba, aliyekuwa amenyamaza muda wote na chai yake, akauliza kama ziwani Naivasha nako yapo yanayoelea, mwalimu akamwambia, "Mzee, wewe ndiye unapita kule, safari ijayo simama utuangalilie."