Siku moja na Prado nyeusi: natoa utando wa buibui kwenye gari mpya

Saa 12 na nusu asubuhi. Nishafika gereji, Kinondoni, geti nimefungua mwenyewe maana dogo anatokea Mbagala na foleni ya huko mnaijua. Chai ya rangi na chapati mbili nakula nimesimama. Leo gari ni moja tu ila nyeusi, na gari nyeusi unaianza mapema, bati likishapata moto polishi inakukaukia juu ya rangi hata haijafanya kazi.

Saa 1 mzee kaingia. Prado zero kilometa, ina wiki tano toka aichukue, nailoni za viti hata hajatoa. Shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, akanivuta mkono mpaka kwenye boneti. Anasema mchana haoni shida ila usiku akipaki sheli chini ya taa anaona kama buibui kajenga humo, sasa gari mpya inakuwaje? Nikamuuliza nani anaiosha. "Dereva anaifuta kila asubuhi, inang'aa, na pale nilipoinunua waliiosha wenyewe siku wananikabidhi." Nikanyamaza kwanza. Tukaongea bei, yeye laki mbili mimi laki nne, tukakutana katikati, akapanda bajaji akaondoka.

Wengi hawajui kwamba ule utando wa buibui, zile duara zinazoonekana kuizunguka taa, siyo duara. Ni mikwaruzo midogo midogo imeenda kila upande, taa ikipiga unaona ile tu iliyokaa mkao wa kurudisha mwanga machoni kwako, ndo maana inaonekana imeizunguka taa. Sogeza tochi uone, duara nazo zinahama.

Saa 2, kuosha. Povu kwanza, presha, halafu ndoo mbili, moja ya shampuu moja ya kusuuzia glovu, usipitishe mchanga wa mlango ukaupeleka kwenye boneti. Kisha klei, ule udongo laini wa kuvuta uchafu ulioganda kwenye rangi, ukipapasa na mkono ndani ya mfuko wa plastiki unasikia chenga chenga zote. Dogo ndo kafika, kaomba radhi, kapewa klei afanye paa.

Saa 3 kipimo cha unene wa rangi. Paa 118, boneti 112, milango inacheza 115 mpaka 121, hizo ni mikroni, bampa hazisomi kwa sababu ni plastiki na kipimo changu kinataka chuma. Unywele wa mtu ni kama 70 hivi. Sasa kwenye hiyo 112 klia yenyewe, ule mpako wa juu unaong'aa juu ya rangi, ni kama 40 au 50 tu, na mkwaruzo haujazwi wala haufutwi, wewe ndo unaishusha klia yote inayouzunguka mpaka ifike usawa wa chini ya mkwaruzo. Mikroni mbili tatu zinaondoka leo na hazirudi. Mteja akikwambia umpigie mashine kila baada ya miezi miwili mkatalie hata kama una njaa.

Saa 4 kasoro nikabandika tepu kwenye kona na mistari ya bodi, pale rangi huwa nyembamba, halafu nikachagua kipande cha boneti cha kujaribia, sentimita 50 kwa 50. Nyeusi ya gari hii ni laini balaa, ukiivamia na kompaundi kali, ile polishi ya kukwangua sana, unatoa buibui unaacha ukungu. Nikaanza na sponji laini, polishi matone manne kama njegere, mashine ile inayozunguka huku inayumba, mkono polepole, sikandamizi, uzito wa mashine unatosha. Kwenye sahani ya mashine nimechora mstari wa maka pini, nikiona mstari umesimama najua sponji haizunguki, nimeilaza vibaya au nimeikandamiza. Mapito matano, kushoto kulia kisha juu chini. Nikafuta na spiriti iliyochanganywa na maji, hatua hii mafundi wengi wanairuka ndo wanadanganya wateja, mafuta ya polishi yanajaa kwenye mikwaruzo inapotea, mteja anashangilia, anaosha mara mbili buibui karudi. Nikaangalia na tochi: safi. Basi, mpango ndo huo gari nzima.

Saa 4 mpaka saa 7 hakuna stori, ni kipande kwa kipande, kila kipande sponji inapulizwa na kompresa, mgongo unauma.

Saa 7 na kitu nikasikia dogo kimya. Ukimya wa dogo naujua. Kitambaa kilimdondoka chini akakiokota akakikung'uta akafutia fenda ya kushoto niliyomaliza nusu saa nyuma, mistari minne mipya kama kachora na msumari. Sikumpigia kelele, mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo hivyo. Kitambaa kikigusa sakafu kinakuwa cha rimu, hakuna mjadala. Nikamkabidhi mashine airudie yeye, nikasimama nyuma yake na tochi, na kusema kweli katoa vizuri.

Saa 8 umeme ukakatika. Jenereta yangu inayumbisha mashine so tukaenda kwa mama ntilie, wali maharage, samaki nusu nusu. Ulirudi saa 9 na robo.

Saa 11 mlango wa nyuma, kuna mkwaruzo mmoja karibu na kitasa ukipitisha kucha inanasa. Kucha ikinasa mashine haimalizi, ukilazimisha utatoboa klia. Nikaulainisha kingo ukafifia, nikauacha. Nitamwonyesha mwenyewe kabla hajauona.

Saa 12 na nusu jioni mzee kaja na dereva. Nikawasha taa zote, mzee kazunguka gari mara mbili hasemi kitu, mara ya tatu akainama kujiangalia kwenye mlango akaweka kofia sawa. Mkwaruzo wa kitasa nikamwonyesha, akasema huo anaujua, ni pete ya mama watoto.

Wakati nahesabu hela dereva kafungua buti katoa lile fagio la manyoya, anataka kupangusa vumbi la getini kabla hawajatoka. Nilimrukia kaka yule mpaka akashtuka. Vumbi kavu la Dar ni mchanga, kaka, ukilipangusa kavu unachora. Mzee kaniangalia, kamwangalia dereva, kaangalia fagio.

"Kumbe ni wewe," akamwambia.

Nikawapa vitambaa viwili na chupa ya kupulizia, fagio wameniachia. Limening'inia ukutani hapa, la nne sasa.